Hesabu Aina, Usihesabu Vichwa: Wadudu Wajenzi wa Mito Yetu

Hotuba ifuatayo ilitolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya maji, vya akina mama na vya vijana. Tumeichapa kwa sababu wajumbe wengi waliomba nakala wakawasomee wenzao nyumbani. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi.



Nimeombwa niseme juu ya wadudu wa mtoni. Najua wengine wenu mnajiuliza, tumeacha kazi ya shamba na ng'ombe hawajakatiwa majani, tuje kuelezwa habari za wadudu? Subirini kidogo. Leo sisemi juu ya wadudu wote. Nasema juu ya jamaa moja tu, wale wanaojijengea nyumba chini ya maji. Nataka mkitoka hapa kila kikundi kiweze kwenda mtoni, kiwahesabu sawasawa, na kiandike.

Maji hupita, mdudu hubaki

Mito yetu mingi inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, kama Mathioya, Gura, Sagana na Thiba, huanza msituni ikiwa safi. Halafu inapita kwenye chai, inapita kwenye kahawa, inapita karibu na soko, na ikifika chini imebeba kila kitu tulichotupa. Mtu wa chini analalamika. Mtu wa juu anasema, mimi sijui, maji yangu ni safi. Ugomvi unaanza, na hakuna mwenye ushahidi.

Mnaweza kupeleka chupa ya maji ipimwe. Ni jambo zuri, lakini lina gharama, na chupa ile itasema habari ya saa ile tu mliyoteka. Kama kuna aliyemwaga sumu usiku, asubuhi maji yale yamefika mbali. Ukiteka saa nne, utaambiwa hakuna neno.

Mdudu wa mtoni ni tofauti. Anakaa pale pale chini ya jiwe kwa wiki nyingi, hata miezi. Hana pa kukimbilia. Maji yakikosa hewa, anakufa. Matope yakiziba nafasi kati ya mawe, anakosa makao. Miti ya ukingoni ikikatwa, anakosa chakula. Kwa hiyo ukimkuta leo, ujue mto umekuwa mzuri kwa muda, si kwa saa moja. Na kama alikuwapo mwaka jana, na mwaka huu hayupo, kuna jambo limetokea.

Huyu mdudu ni nani?

Kwa jina la Kiingereza ni kadisi. Wataalamu humwita Trikoptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mabawa yenye nywele. Huenda lugha yenu ya nyumbani ina jina lake. Waulizeni wazee, na vijana wanaovua samaki, kisha mliandike jina hilo katika daftari la kikundi. Mimi leo nitamwita kadisi.

Akiwa mkubwa anaonekana kama kipepeo mdogo wa usiku, wa rangi ya kahawia au kijivu. Akitua hukunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Vipapasio vyake ni virefu. Mmemwona mara nyingi akizunguka taa, hamkumjali. Maisha hayo ya kuruka ni mafupi, siku au wiki chache tu. Sehemu kubwa ya maisha yake huishi majini akiwa buu.

Buu wa kadisi utamtambua hivi. Kichwa chake ni kigumu. Miguu yake sita iko karibu na kichwa. Mwili ni laini, na mwishoni kabisa ana kulabu mbili ndogo za kujishikilia. Hizo kulabu zishikeni akilini, kwa sababu kuna wadudu wengine wa mtoni wenye mikia mirefu kama nyuzi. Mwenye mikia miwili au mitatu si kadisi. Hao nao wana habari zao, lakini si za leo.

Kazi yake kubwa ni ujenzi. Hutoa uzi mdomoni, uzi wa hariri unaonata hata ndani ya maji. Kwa uzi huo wengine huunganisha punje za mchanga, wengine hukata majani na kuyashona, na wengine hutega wavu kama wavuvi. Kila jamaa ina mtindo wake wa kujenga, na hili ndilo linaloturahisishia kazi. Mtu asiye na darubini anaweza kuzitenganisha jamaa nyingi kwa kuangalia nyumba tu.

Nyumba sita za kutafuta

Wa kwanza ni mwenye wavu. Huyu hana nyumba ya kubeba. Anakaa kati ya mawe pahali maji yanapokwenda kasi, na wavu wake hutazama upande maji yanakotoka ili ukamate chakula. Ukiinua jiwe, wavu hulegea ukawa kama utando mchafu, na buu unamwona akijipinda. Nyuma ya kichwa ana vibamba vitatu vigumu, na tumboni ana vishada vyeupe vya kuvutia hewa.

Wa pili ni mwenye mfuko. Huyu naye hana nyumba ya kubeba. Mwili wake ni mweupe au wa manjano, kichwa ni cha rangi ya machungwa, na tumbo halina vile vishada. Wavu wake ni mrefu na mwembamba kama kidole cha glavu, nao umeshikizwa chini ya jiwe.

Wa tatu ni wa nyumba ya mchanga. Amejenga bomba dogo la mchanga, mara nyingi jembamba upande mmoja kama pembe ya mbuzi. Ukimwacha katika beseni ametulia, atatoa miguu na kuanza kutembea na nyumba yake.

Wa nne ni wa pembe nne. Nyumba yake ni ya vipande vya majani vilivyokatwa mraba na kupangwa vizuri, kama kasha refu lenye pande nne.

Wa tano ni wa pembe tatu. Naye anatumia majani, lakini nyumba yake ina pande tatu. Mkimkuta huyu, fanyeni furaha. Jamaa yake, ambayo wataalamu huiita Pisuliidae, inapatikana katika bara letu la Afrika na kisiwa cha Madagaska tu. Ulaya hayupo, Asia hayupo, Marekani hayupo. Anapenda vijito vya msituni vyenye kivuli na majani yaliyoanguka.

Wa sita ni wa majani mawili. Amekata kipande kimoja kikubwa cha jani na kimoja kidogo, akavishona pamoja, na yeye amelala katikati. Usipotazama vizuri utasema ni takataka tu. Kwa hiyo majani yaliyolala chini ya maji msiyatupe haraka. Yaacheni kwenye beseni dakika chache mwone kama kuna jani linalotembea.

Wako na wengine, hata wadogo sana wenye nyumba kama mbegu. Duniani kote aina za kadisi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 16,000. Hatuhitaji kuzijua zote. Tunahitaji kuzijua za mto wetu.

Kwa nini aina, na si vichwa?

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kikundi kinakwenda mtoni, kinainua mawe, kinakuta kadisi mia mbili, kinarudi kikishangilia. Hapana. Ulizeni kwanza: hao mia mbili ni wa aina ngapi?

Wacha niwape mfano. Ukienda sokoni ukute wauzaji mia moja, na wote wanauza vitunguu, utasema soko hilo ni zuri? Utarudi nyumbani bila mahindi, bila maharagwe na bila sukumawiki. Soko lenye watu thelathini wanaouza vitu kumi na vitano ni bora. Mto nao ni hivyo.

Wale wenye wavu, baadhi yao wana uvumilivu. Maji yakianza kuchafuka kidogo kwa mbolea, kinyesi au mabaki ya chakula, wao hunenepa, kwa sababu chakula kinakuja chenyewe kwenye wavu. Wanazaana. Wakati huo huo wale wa majani na wale wa mfuko wanapotea. Kwa hiyo mto unaweza kujaa kadisi na huku unaugua. Anayehesabu vichwa ataona nambari imepanda. Anayehesabu aina ataona zimepungua.

Ndugu zetu wa Afrika Kusini wana mfumo wa kupima mito kwa wadudu, uitwao SASS. Toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 2002. Kila jamaa ya wadudu hupewa alama: wenye kuvumilia uchafu hupata alama ndogo, na wasiouvumilia hupata kubwa. Sasa tazameni walivyowafanyia hawa wenye wavu. Ukikuta aina moja tu, alama ni 4. Ukikuta aina mbili, alama ni 6. Ukikuta zaidi ya mbili, alama ni 12. Wale wenye nyumba za pembe nne na pembe tatu hupewa 10 kila jamaa. Mmeona? Hata wataalamu hawaridhiki kusikia kwamba kadisi wako. Wanauliza ni aina ngapi.

Kuna pia mfumo mwepesi zaidi, miniSASS, uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na wanakijiji. Huo unatumia makundi 13 tu ya wadudu na viumbe wengine wa mtoni. Ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa shule zetu za msingi. Lakini kikundi kikishazoea, kiende mbele na kuhesabu aina za kadisi.

Mdudu aliyepewa jina akiwa hayupo

Pengine mtu atasema, mambo haya si ya haraka, tutayafanya mwaka ujao. Basi niwaeleze yaliyotokea Ujerumani katika mto mkubwa uitwao Rhine. Kulikuwa na kadisi mmoja pale, wa jamaa ya wenye wavu. Watu walimkamata zamani, wakamweka makumbusho pamoja na wengine, hakuna aliyejua kwamba ni aina ya peke yake. Viwanda vikaongezeka, mto ukachafuka. Mwaka 1977 mtaalamu Hans Malicky alivichunguza vielelezo vile vya zamani, akaona hii ni aina mpya, akaiita Hydropsyche tobiasi. Lakini mtoni hakuwapo tena. Tangu miaka ya 1930 hakuna aliyemwona akiwa hai, na leo yumo katika orodha ya viumbe waliotoweka duniani.

Mdudu alipata jina lake baada ya kufa wote. Kama si vile vielelezo vya makumbusho, hata hilo jina asingelipata. Sisi hapa orodha ya kadisi wa vijito vyetu haijakamilika. Tukikata miti ya kijito kimoja leo, inawezekana tunafukuza aina ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Na msifikiri kujua wadudu ni kazi ya starehe. Hapa hapa Kenya, huko Nyanza, watu walipofuka kwa ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mtoni. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya wakati huo ilipambana na usubi huyo kwa kumwaga dawa ya DDT mitoni. Kwa muda mrefu mabuu wake walitafutwa kwenye mawe na majani wasionekane. Mwaka 1950 watafiti wawili, van Someren na McMahon, walieleza kwamba wamewapata: walikuwa wamejishikiza juu ya kaa wa mtoni! Nani angefikiri? Usubi yule aliangamizwa Kenya, lakini DDT haichagui. Sumu inayoua mabuu wa usubi huua na mabuu wa kadisi. Anayejua ni nani anaishi wapi katika mto ataweza kutenda bila kuharibu kila kitu.

Namna ya kufanya kazi ya mchana

Vifaa si vya gharama. Tafuteni beseni jeupe au karai la plastiki la rangi nyeupe, kipande cha neti ya mbu iliyozeeka mkishone kwenye duara la waya lenye mpini, vijiko vya chai, chupa ndogo safi, gambuti, daftari na penseli.

Chagueni pahali patatu kwenye mto mmoja. Pa kwanza pawe juu, karibu na msitu iwezekanavyo. Pa pili pawe katikati ya mashamba. Pa tatu pawe chini ya pale mnapopashuku, kama vile kiwanda, soko au dipu ya ng'ombe. Pahali pote patatu pawe na mawe na maji yanayokwenda kasi. Msilinganishe mawe ya juu na matope ya chini, maana hayo ni makao mawili tofauti na hesabu itawadanganya.

Anzeni chini mkipanda juu, ili msichafue maji mtakayopima baadaye. Mmoja ashike neti chini ya maji, mdomo wake ukitazama yanakotoka maji. Mwingine asimame mbele yake na kuvuruga mawe kwa mguu, dakika tano kwa saa. Halafu inueni mawe kumi, mkayapanguse juu ya beseni. Chukueni pia majani yaliyolala chini. Kila pahali fanyeni kiasi kile kile: dakika zile zile, mawe kumi yale yale. Mkifanya dakika tano hapa na nusu saa kule, hakuna mlinganisho.

Kisha tengeni kwa nyumba zao. Wenye wavu hapa, pembe nne hapa, wa mchanga hapa. Kwa wenye wavu tazameni tena: je, vichwa vyote vina rangi moja na madoa yale yale? Kama vichwa vinatofautiana, andikeni kwamba huenda ni aina mbili au tatu. Mkimaliza, rudisheni wote mtoni wakiwa hai. Kazi ya mchana haihitaji kuua.

Msiende baada ya mvua kubwa. Mafuriko husomba wadudu, na mtadhani mto ni mchafu kumbe umefagiliwa tu. Ngojeni kama wiki mbili. Kwa sisi wa sehemu za kahawa, nashauri mwende mara mbili kwa mwaka: Septemba, kabla ya mavuno makubwa, na tena Januari, mavuno yakiisha. Mwaka unaofuata rudini miezi ile ile.

Kazi ya usiku na taa

Mchana tunajua jamaa. Lakini mabuu wa aina mbili wanaweza kufanana kama mapacha. Ili kulijua jina kamili la aina, wataalamu hutaka kadisi mkubwa mwenye mabawa, hasa dume, kwa sababu aina hutofautiana kwenye ncha ya tumbo lake, nao huiangalia kwa darubini.

Kadisi wakubwa huja kwenye taa. Tandazeni shuka jeupe karibu na mto, wekeni taa ya presha mbele yake. Au wekeni taa juu ya beseni lenye maji kidogo yaliyotiwa sabuni ya unga; wakianguka hawatoki. Anzeni jua linapozama, mkae saa mbili hivi. Usiku usio na mbalamwezi, usio na upepo wala baridi kali, ndio mzuri.

Wachukueni wachache, si wote. Watieni katika chupa yenye spiriti. Ile spiriti ya kuosha vidonda inayouzwa duka la dawa inafaa kama hamna nyingine. Ndani ya chupa, narudia, ndani ya chupa, tieni karatasi iliyoandikwa kwa penseli: jina la mto, jina la pahali, wilaya ndogo na kaunti, tarehe, na aliyekusanya. Wino wa kalamu utayeyuka katika spiriti, penseli haiyeyuki. Karatasi ya kubandika nje itabanduka. Mdudu asiye na pahali wala tarehe hana faida kwa mtu yeyote.

Kabla ya kukusanya na kuhifadhi, wasilianeni na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yenye idara ya wadudu, au na chuo kikuu kilicho karibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, kwa mfano, wamechunguza wadudu wa Mto Njoro kwa miaka mingi. Waulizeni ni kibali gani kinachotakiwa. Ndani ya msitu wa serikali au mbuga ya wanyama msikusanye chochote bila kibali.

Tahadhari

La kwanza, na tafadhali mlifikishe nyumbani kama nilivyolisema. Kadisi hawasemi kwamba maji ni salama kunywa. Viini vya taifodi na kipindupindu havimsumbui kadisi. Mto unaweza kuwa na kadisi wa kila aina, na juu kidogo kuna mtu amejisaidia ukingoni. Chemsheni maji ya kunywa, au yatieni dawa, hata mto ukiwa umepata alama nzuri.

La pili, vaeni gambuti. Pahali maji yanapotulia na konokono ni wengi kunaweza kuwa na kichocho. Ndugu zetu wa mashamba ya mpunga ya Mwea wanaujua ugonjwa huo vizuri. La tatu, watoto wasiende mtoni bila mtu mzima, na usiku wasiende kabisa. Pahali penye kiboko au mamba, acheni.

Daftari ni la nini?

Kikundi kiwe na daftari moja, litunzwe na katibu. Kila safari iandikwe hivi: pahali, tarehe, saa, hali ya maji, majina ya waliokwenda, aina zilizoonekana na idadi yake. Na mkikosa aina fulani, andikeni kwamba mmetafuta na hamkuiona. Msiache nafasi tupu, maana nafasi tupu haisemi kama mlitafuta au mlisahau.

Baada ya miaka miwili mtakuwa na jambo la kusema. Mtaweza kusema: juu kuna aina tisa, katikati aina saba, chini aina moja, na imekuwa hivyo mara nne. Hapo mtu hawezi kuwaambia kwamba mnapiga kelele tu. Pelekeni daftari kwa chama cha watumiaji maji cha mto wenu, kisha kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwa NEMA ikihitajika. Wadudu peke yao hawamtaji mtu aliyechafua. Lakini wanaonyesha uchafu unaingilia kati ya pahali gani na gani, na hapo ofisi itajua pa kuteka maji ya kupima.

Lakini kabla ya ofisi, nataka tuambiane ukweli. Mara nyingi kiwanda cha kahawa tunachokilaumu ni cha ushirika. Wanachama ni nani? Si ni sisi? Maji ya kumenya kahawa yakiingia mtoni hula hewa yote iliyomo majini, na kadisi wanakufa pamoja na samaki. Dawa yake inajulikana: kuchimba mashimo ya kunyonyea maji hayo mbali na mto, na kutumia maji yale yale mara ya pili badala ya kuteka mengine. Hilo linaamuliwa katika mkutano mkuu wa wanachama. Nendeni na daftari mkutanoni, msimame, msome. Itakuwa vigumu, kwa sababu mashimo ni pesa, na pesa hiyo itatoka kwenye malipo yetu ya kahawa. Mtu atapiga kelele kwamba mnapunguza malipo kwa ajili ya wadudu. Mjibuni kwa upole kwamba maji hayo ndiyo watoto wa chini wanayooga, na ng'ombe wa chini wanayokunywa.

Vile vile ukingo wa mto. Sheria hairuhusu kulima mpaka kwenye maji, lakini tunalima. Wale kadisi wa majani wanaishi kwa miti ya asili inayoangusha majani mtoni. Mikaratusi haiwafai kwa namna ile ile; majani yake ni magumu, na miti yenyewe inakunywa maji mengi. Kikundi chenye kitalu kinaweza kuanza kupanda mikuyu na miti mingine ya asili ukingoni mwaka huu huu, kisha kihesabu kama wale wa pembe nne watarudi. Si kazi ya mwaka mmoja. Lakini mtajua kama mnakwenda mbele au mnarudi nyuma, kwa sababu mmeandika.

Nimefika mwisho. Chagueni mto, chagueni pahali patatu, nunueni daftari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mto wetu, ni pahali gani patatu panapofaa kulinganishwa? Je, mawe na mwendo wa maji vinafanana?

2. Wazee wanakumbuka wadudu, kaa au samaki gani ambao sasa hawaonekani? Walipotea lini, na nini kilibadilika wakati huo?

3. Nani katika kikundi ana macho mazuri na subira ya kutenga wadudu? Nani atatunza daftari?

4. Tukigundua kwamba uchafu unatoka kwenye kiwanda chetu wenyewe au shamba la mwanachama wetu, tutafanya nini?

5. Shule gani iliyo karibu inaweza kushirikiana nasi, na mwalimu gani tumwone kwanza?